Saa 48 Kabla ya Kwenda Kumwona Mzee

Ndugu zangu mlioko Uingereza, leo tuzungumzie kumtembelea mzazi au ndugu aliye kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Hoja yangu ni moja: usalama wa yule mzee huamuliwa zaidi kabla hujatoka nyumbani kwako kuliko pale mlangoni unapopaka sanitaiza. Chukua norovirusi, kirusi cha kutapika na kuhara kinachoshamiri huku majira ya baridi. Chembe chache mno zinatosha kumwambukiza mtu, na hukaa kwenye kitasa, rimoti ya televisheni na vyuma vya kitanda. Sanitaiza ya spiriti haikiui ipasavyo. Kinachosaidia ni sabuni na maji yanayotiririka, usugue katikati ya vidole na chini ya kucha, sekunde 20 zisipungue. Tena NHS inasema aliyetapika au kuharisha asiende hospitali wala nyumba ya wazee mpaka zipite saa 48 tangu dalili zikome. Tangu zikome, si tangu zianze. Wengi hukosea hapo. Ukitapika mara ya mwisho Ijumaa usiku, Jumapili mchana bado ni mapema.

Najua mtaniambia kwetu mgonjwa haachwi, na asiyekwenda huonekana hana utu. Hoja hiyo ni nzito. Mwaka 2020 nyumba nyingi za wazee zilifungia wageni kwa sababu ya korona, na upweke uliwaumiza wazee vibaya. Tangu Aprili 2024 kanuni za England zinazitaka nyumba hizo ziruhusu wageni, isipokuwa pawe na sababu za kipekee. Lakini mle ndani wazee wanakula ukumbi mmoja, na mhudumu mmoja huwaogesha wengi. Ugonjwa ukiingia, anayeumia si mzee wako peke yake, na ziara za familia zote huvurugika. Ukisubiri siku mbili unawalinda wote hao.

Wengine husema, "Yangu ni mafua tu." Mafua yako madogo yanaweza kumletea mzee wa miaka 85 nimonia. Isitoshe, mzee anaweza kuugua asipate homa, akaonekana tu amechanganyikiwa au amekataa chakula, na wahudumu wakachelewa kugundua. Basi pigeni simu mapokezi kwanza, mwulize kama pana ugonjwa. Msiende msafara mzima. Wawili wanatosha, wengine wamwone kwa simu ya video. Mkifika, naweni kabla hamjamshika mkono, na mnapotoka naweni tena.