Baba, Ingia Ndani

Msikilizaji, pita kwenye kliniki ya afya ya akili ya watoto, iwe Nairobi au Mombasa, uangalie ni nani walioketi kwenye benchi. Ni kina mama. Mama, nyanya, mara mojamoja shangazi. Baba ametoa nauli na pesa ya dawa, lakini yuko kazini, au yuko getini anaongea na simu. Leo nina neno na huyo baba wa getini.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 42, hao ni sita. Wengi hawatambuliwi, maana sisi tunangoja kumwona mtoto akilia. Sonona kwa mtoto wa miaka 14 mara nyingi hujitokeza kwa sura ya hasira. Anajibu kwa ukali, anabamiza mlango, ameacha mpira alioupenda, usiku halali na asubuhi haamki. Baba akiyaona hayo anasema ni kiburi. Anafoka, anamnyang'anya simu, anamwambia jikaze, wewe ni mwanamume. Na mtoto ambaye tayari anajiona hafai, hapo amepata shahidi.

Mama akirudi na maelezo ya daktari, baba huyapokea kama utetezi: unamdekeza huyu. Laiti angekuwa ndani! Angesikia kwamba dawa za sonona si kama za malaria. Huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, na wiki hizo za mwanzo ndizo za kumwangalia mtoto kwa karibu zaidi. Asiyelijua hilo huona pesa zimepotea bure, na dawa zinakatwa ghafla.

Angesikia pia jambo linalotutisha wazazi wengi: kumuuliza mtoto waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Kunampa nafasi ya kusema. Najua kwa miaka mingi familia zilinyamaza kwa hofu ya polisi, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Iliyobaki sasa ni aibu, na naamini baba ana nguvu kubwa ya kuiondoa, kwa sababu nyumba nyingi bado humtazama yeye kujua lipi lisemwe na lipi lifichwe.

Hata hivyo, yapo ambayo mtoto hatamwambia baba, awe mwema namna gani. Wazee wa pwani walilijua hilo: mwali alikuwa na somo wake, na mvulana jandoni alikuwa na kungwi. Siku hizi Tom Osborn na wenzake wa Taasisi ya Shamiri, hapa Kenya, huwaandaa vijana waliomaliza sekondari juzijuzi wakae na vikundi vya wanafunzi. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2021, ukiwa na wanafunzi 413, vikao vinne tu vilipunguza dalili za sonona na wasiwasi. Walioviongoza hawakuwa madaktari, na mazungumzo hayakuwa ya ugonjwa. Yalihusu uwezo wa mtu kubadilika, shukrani, na mambo anayoyathamini maishani. Mimi habari hii hunipa moyo sana.

Kwa hiyo baba, siku ya kliniki omba ruhusa kazini, uingie ndani, ukae, umwache mtoto aongee kwanza. Kisha mtafute mtu mzima mmoja ambaye mtoto mwenyewe anamwamini: mjomba, kocha, mwalimu wa madrasa, kiongozi wa vijana kanisani. Amchague yeye mtoto, nawe umjue vizuri mtu huyo. Waketishe pamoja, uwaambie kwamba mtoto anaweza kumpigia mtu huyo simu saa yoyote, na kwamba hutamhoji kuhusu waliyozungumza. Ila kama maisha ya mtoto yamo hatarini, uambiwe usiku uleule.