Ubao Usioonyesha Mkwamo ni Pambo la Ukuta

(Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri katika kikao kazi cha Maafisa Maendeleo ya Jamii na Maafisa Biashara)



Nimeombwa kuzungumzia namna ya kuandaa ubao wa ufuatiliaji wa miradi kwa timu zetu mbili: ya Maendeleo ya Jamii, na ya Viwanda, Biashara na Uwekezaji. Huenda baadhi yenu mnajiuliza Kitengo cha Mawasiliano kinahusikaje. Mwananchi anapotaka kujua ombi lake limefikia wapi, swali lake mara nyingi huishia mezani kwetu, nasi hatuwezi kumjibu mpaka tupige simu tatu au nne.

Niseme mapema kwamba sizungumzii bango la mradi, lile linalosimikwa kando ya jengo likitaja jina la mradi, gharama na msimamizi. Bango lile ni haki ya mwananchi, na libaki. Lakini huandikwa siku ya kwanza na halibadiliki mpaka kutu ilile. Ubao ninaouzungumzia hukaa ndani ya ofisi, hubadilika kila wiki, na wasomaji wake wa kwanza ni sisi wenyewe.

Wazo hili si geni duniani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kiwanda cha magari cha Toyota nchini Japani, chini ya mhandisi Taiichi Ohno, kilianza kutumia kadi zilizosafiri pamoja na vipuri. Utaratibu huo ukaitwa kanban, neno lenye maana ya bango. Kiini chake hakikuwa kadi, bali nidhamu: sehemu ya nyuma haikutengeneza kipuri kipya mpaka sehemu ya mbele iwe imekihitaji.

Sasa tuchukue mfano ulio wetu, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani. Sote twaijua: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ombi la kikundi hupita mikono mingi kabla ya fedha kuingia katika akaunti. Tukichora ubao wa kawaida wenye safu tatu, yaani Imepangwa, Inaendelea na Imekamilika, karibu kadi zote zitarundikana katikati.

Chukulieni kikundi cha wanawake kilichoomba fedha za mbegu za viazi. Kadi yake iko chini ya Inaendelea tangu Januari. Ubao huo unasema kweli, lakini haumsaidii mtu. Masika huanza Machi. Fedha zikiingia mwishoni mwa Mei, wakati wa kupanda umekwisha pita. Hata hivyo mkopo ni mkopo, na marejesho yatadaiwa. Kikundi kitanunua kitu kingine ambacho hakikuwa katika andiko lake, au wanachama watagawana. Mwakani jina lake litasomwa katika orodha ya wadaiwa sugu, na kuchelewa kwa ofisi kutakuwa kumegeuzwa kuwa tabia mbaya ya mkopaji.

Kwa sababu hiyo napendekeza safu ya Inaendelea ivunjwe kufuata meza halisi: uhakiki katika kata, kamati, mafunzo, mkataba, malipo. Kila kadi ibebe jina la kikundi, tarehe ilipoingia katika safu hiyo, cheo cha afisa anayeishikilia, na tarehe ya mwisho yenye maana kwa mwombaji. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoisisitiza. Si tarehe ya taarifa yetu ya robo mwaka. Ni tarehe ya mvua. Kwa kikundi cha mafundi cherehani wanaoshona sare, ni kufunguliwa kwa shule Januari.

Kisha iwepo alama nyekundu: Imekwama. Iandikwe imekwama wapi. Kama soko linasubiri barabara, kadi itaje TARURA. Kama linasubiri maji, itaje RUWASA. Taasisi hizo haziko chini yetu, lakini kuzifuatilia ni kazi yetu.

Najua ugumu uko hapo. Tumezoea neno “inashughulikiwa”, neno lenye adabu nyingi na habari chache, ambalo kwa maoni yangu lingestahili kustaafu. Niwaombe Wakuu wa Divisheni jambo moja kwa heshima zote: anayebandika alama nyekundu asiandikiwe barua ya kujieleza. Akiandikiwa, wiki ijayo ubao wote utakuwa safi na majalada yatabaki palepale.

Lipo pia suala la ukomo. Katika milima hii kijiji unachokiona ng’ambo ya bonde huweza kukugharimu nusu siku kukifikia. Afisa mmoja hawezi kuhakiki vikundi 20 kwa wakati mmoja. Tuanze na ukomo wa kadi nane kwa afisa katika hatua ya uhakiki. Ya tisa isubiri, na mwombaji aambiwe kwamba inasubiri.

Programu za kompyuta za kazi hii zipo, na siku moja tutazihitaji. Kwa sasa karatasi ya manila, kadi na pini zinatosha. Umeme ukikatika hazizimiki. Kila Ijumaa picha ya ubao itumwe katika kundi sogozi la timu. Majina ya wanachama na namba zao za simu yasiwekwe ukutani, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu nasi.

Jumatatu asubuhi timu isimame mbele ya ubao kwa dakika 15, ikiusoma kuanzia kulia, palipo karibu na malipo, kurudi kushoto. Tupo Julai, mwaka mpya wa fedha umeanza. Kadi za kwanza ziwe za vikundi vinavyosubiri mvua za vuli, na tarehe ya kuandika juu yake ni Septemba 30.