Parachichi Haliivi Mtini

 

Jumamosi iliyopita nilikuwa Makambako. Pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, kuna mama anauza viazi kwa ndoo. Nilimkuta amekaa juu ya kiroba kitupu, kanga ameitupia mabegani juu ya sweta, anasoma kitabu. Amekivika jalada la karatasi ya kaki, ile ya mfuko wa saruji, kama tulivyokuwa tukivika madaftari yetu shuleni. Akaja mteja kuuliza bei. Yule mama akachukua kiazi kimoja kidogo, akakiweka juu ya ukurasa upepo usije ukaufunika, akapima ndoo, akapokea hela, akaondoa kiazi, akaendelea pale alipoishia. Sijawahi kuona alama ya ukurasa nzuri kama ile.

Nikamwamkia, nikamwuliza anasoma nini. Akanigeuzia ukurasa wa ndani: *Rosa Mistika*, cha Euphrase Kezilahabi.

"Hiki siwezi kukiacha, mwanangu," akaniambia. "Ila nyumbani kuna kingine nilikiacha. Alinipa mwalimu mmoja kabla hajahama. Nilifika ukurasa wa kumi nikakiweka kabatini. Kila nikifungua kabati nichukue sukari, nakiona kinaniangalia kama mtu anayenidai."

Nikamwuliza jina la kitabu hicho. Akafikiri kidogo, akasema: *Nagona*.

Nilitaka kucheka kwa furaha, maana *Nagona* nami nimewahi kukiacha, tena mara mbili. Na mwandishi ni huyohuyo aliyemshika mama yule asiweze kuuza viazi kwa utulivu. *Rosa Mistika* Kezilahabi alikitoa 1971. Ni hadithi ya binti unayeweza kumfuata kwa macho tangu nyumbani kwao hadi mwisho wake mchungu, na kwa wakati fulani kilipigwa marufuku shuleni. *Nagona* kilitoka 1990, na huko mwandishi amekwishaiacha njia ile iliyonyooka. Kuna msafiri, kuna safari, kuna mtu anatafuta kitu, lakini ukikisoma kwa kasi ya *Rosa Mistika* utajiona umepotea kwenye ukungu wa Julai, taa za gari zimewaka na barabara huioni.

Leo nataka kuzungumzia hilo: ni wakati gani mtu anakiacha kitabu, na anakiachaje. Nalizungumzia kwa sababu uso wa yule mama, alipotaja deni lake la kabatini, ulikuwa uso wa mtu aliyekosa. Na hakukosa.

Tumelelewa na methali. Mvumilivu hula mbivu. Naiheshimu sana methali hiyo. Bila uvumilivu nani angepanda mti wa mbao katika mkoa huu wa Njombe? Lakini tuliibeba hivyohivyo nzima tukaipeleka kwenye kitabu, tukaamini kwamba aliyefungua ukurasa wa kwanza amefunga ndoa. Akishindwa katikati anaona haya, na kwa kuona haya hafungui kingine. Kitabu kimoja kilichomchosha kinaziba njia ya vitabu ishirini ambavyo angevipenda. Nimeyaona haya kwa watu wazima wenye akili zao timamu: mwaka mzima hawasomi chochote, kwa sababu kuna kimoja "hawajakimaliza".

Sasa sisi watu wa Njombe tunalima parachichi, na mti huo unatufundisha jambo ambalo methali haikulifikia. Parachichi haliivi mtini. Liache juu wiki na wiki, litakua, litakomaa, lakini litabaki gumu. Linaiva likishachumwa: kwenye kapu, kwenye gunia, pembeni ya dirisha la jikoni. Ukikaa chini ya mti kwa uvumilivu wote wa dunia ukingoja mbivu, utangoja bure. Lakini pia, na hapa ndipo penye ujuzi, ni lazima liwe limekomaa. Ukichuma changa halilainiki. Linanyauka, ngozi inajikunja, ndani linabaki kama mpira, na kila msimu tunasikia wataalamu wa kilimo wakituonya tusivune machanga kwa tamaa ya bei ya mapema. Mkulima makini anachuma mawili matatu kwanza, anayaweka ndani wiki moja hivi, halafu anayabonyeza taratibu kwa dole gumba. Yakilainika vizuri bila kujikunja, anajua shamba liko tayari.

Mara ya kwanza *Nagona* nilikiacha ukurasa wa tatu. Nilichuma changa, na hakuna kilichobaki kichwani mwangu isipokuwa hasira. Mara ya pili nilivuka nusu, nikachoka, nikakiweka. Mwaka uliofuata nikiwa nimepanda bodaboda kuelekea Lupembe, mashamba ya chai yakitokea na kuzama kwenye ukungu, nikagundua kwamba namfikiria yule msafiri. Hakuna aliyenikumbusha. Kitabu kilikuwa kinaiva ndani ya kapu muda wote ule nikidhani nimekitupa. Niliporudi nikakisoma kwa usiku mbili, jiko la mkaa miguuni, na nilipofika mwisho nilikaa kimya muda mrefu. Sasa niambie, ile mara ya pili nilishindwa? Mimi nasema nilichuma kwa wakati wake.

Kuna mkutubi mmoja maarufu wa Marekani, Nancy Pearl wa mji wa Seattle, aliyewapa wasomaji kanuni ya kurasa 50. Soma 50, kama kitabu hakijakuvuta, kiache kwa amani. Na ukivuka umri wa miaka 50, toa umri wako kwenye 100, kinachobaki ndiyo idadi ya kurasa unazodaiwa. Mwenye miaka 70 anadaiwa 30 tu, kwa sababu muda wake ni wa thamani zaidi. Naipenda huruma iliyomo ndani ya kanuni hiyo. Lakini *Nagona* hakifiki hata kurasa 100; ukimaliza 50 umeshavuka nusu yake. Na yule mama wa viazi anasoma kurasa mbili kati ya ndoo na ndoo, siku ya soko hasomi kabisa. Kurasa 50 kwake ni mwezi. Huwezi kumwambia avumilie mwezi mzima ndipo apewe ruhusa.

Kwa hiyo mimi sihesabu kurasa. Nabonyeza kwa dole gumba. Nakifunga kitabu, najiuliza: kimeniachia swali lolote? Hata moja dogo: huyu binti atafanya nini, kwa nini baba yule ni mkali hivi, msafiri huyu anatafuta nini. Kama swali lipo, kimekomaa. Nikiendelea ni sawa, nikikiweka ni sawa pia, kitaiva chenyewe. Kama hakuna swali hata moja, basi kabla sijakilaumu kitabu najikagua mimi.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, hasa uliyevuka miaka 40. Wengi wanaosema "siku hizi vitabu vinanichosha" hawajachoshwa na vitabu. Ni macho. Kuanzia umri huo jicho la karibu linaanza kudhoofika kwa kila binadamu. Unajikuta unasogeza kitabu mbali, mkono unakuwa mfupi, herufi zinacheza, baada ya dakika kumi kichwa kinauma. Unahitaji miwani ya kusomea. Nimemwona fundi seremala hapa Njombe aliyeacha kusoma kabisa kwa miaka, akajaribu miwani ya mwenzake kwa utani tu, na jioni ile hakuweka gazeti chini. Nenda kapime macho kabla hujakiacha kitabu.

Na lugha. Mtoto wetu anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka yote, anaingia kidato cha kwanza, anapewa vitabu vya Kiingereza. Anafungua, anafunga. Tunasema hapendi kusoma. Mtoto yule hajakiacha kitabu, hajaruhusiwa kukifikia. Mpe cha Kiswahili kilekile alichozoea kucheka nacho, ndipo umpime.

Shuleni kuna jambo jingine linaloniuma. Kuna wanafunzi wanaofanya mtihani wa fasihi kwa vijitabu vya uhakiki peke yake. Wanazo dhamira zote za *Vuta N'kuvute* cha Adam Shafi, wamezikariri kwa mpangilio, lakini hawajawahi kukaa na Yasmini usiku mmoja wakaona alivyochoka na mume mzee aliyechaguliwa na wazazi. Mwanafunzi wa namna hiyo hakuacha kitabu. Hakukianza, na amepewa alama kwa kutokianza. Heri aliyesoma kurasa arobaini akachukia, akaandika kwa nini amechukia. Mwalimu unayenisikiliza, mpe mtoto huyo nafasi ya kusema kwamba kitabu hakimvutii, na umsikilize hadi mwisho.

Mwalimu mmoja wa Ufaransa, Daniel Pennac, aliandika mwaka 1992 kwamba msomaji ana haki zake, na miongoni mwazo ni haki ya kutomaliza kitabu. Namuunga mkono. Ila haki hiyo ni rahisi kwa mtu mwenye rafu zilizojaa. Kwetu kitabu kinaweza kuwa ndicho pekee katika mtaa mzima. Ukikiacha kabatini karibu na sukari, hujakiacha peke yako. Umewaachisha na majirani ambao hata hawajakianza.

Lakini kuacha kwa kumpa mwingine tunakujua tangu zamani. Mama yangu mzazi alikuwa kwenye kikundi cha kusikiliza redio mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Nchi nzima watu wapatao milioni mbili walikusanyika vijijini kwenye vikundi kama hicho, chini ya mti au darasani, redio moja katikati. Kipindi kikiisha, wanafungua kijitabu na mtu mmoja anasoma kwa sauti, kisha wanajadili vyoo, malaria, maji ya kunywa. Mama alikuwa ndiyo kwanza anajua kusoma. Alikuwa akisimulia kwamba zamu yake ilipofika alisoma mistari minne, sauti ikakauka, akampa kijitabu mwanamke wa pembeni yake, naye akaendelea. Hakuna aliyemcheka. Aliacha katikati ya sentensi, na sentensi ikamalizwa na mwingine.

Hicho ndicho nilichomwambia yule mama wa viazi. "Mama, hicho cha kabatini usikimalize. Usikiweke pia. Andika kwa penseli pale ulipoishia, halafu mpe mtu."

Akaniangalia kama anayepima kama nina akili. "Nimpe nani, mwanangu? Si ndiyo nitamtwisha mtu mzigo wangu?"

"Mpe yeyote atakayekuuliza unasoma nini."

Nilinunua ndoo yangu nikapanda gari kurudi Njombe, na safari nzima, kilomita kama sitini, nilikuwa najiuliza kama nimemshauri vizuri.

Jana jioni nikampigia simu. Nilitaka kujua kama *Rosa Mistika* amekimaliza. Amekimaliza, na hakutaka kukizungumzia, akasema tu, "Acha kwanza." Nikamwuliza kuhusu kile kingine. Akaniambia alikitoa kabatini siku ileile, akakileta kibandani. Jumatatu utingo wa lori la mbao alikuja kununua viazi, akakiona, akauliza ni kitabu gani. Akampa. Lori likaondoka kwenda Songea.

"Sasa leo mchana kanipigia," akasema. "Yuko Madaba, wanabadilisha tairi. Kanisomea kipande kwenye simu, ananiuliza, mama, huyu mtu anatafuta nini hasa?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mimi niliishia ukurasa wa kumi, penseli si ameiona. Akifika mbele ndiye ataniambia."