Namna Mkurugenzi Anavyochukua Fedha katika Kampuni Yake

Kampuni iliyosajiliwa BRELA chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002 ni mtu kamili mbele ya sheria, hata kama wanahisa ni mume na mke tu na ofisi ni chumba cha mbele cha nyumba yao Kimbiji. Msingi huo uliwekwa Uingereza mwaka 1896 katika shauri la Salomon, mfanyabiashara wa viatu wa London, na mahakama za Tanzania zinaufuata. Fedha ikishaingia kwenye lipa namba ya kampuni, ni mali ya kampuni. Mkurugenzi anaweza kuipata kwa njia chache tu, na kila njia ina kodi yake na karatasi zake.

Njia ya kwanza ni mshahara. Mwenye kampuni anaweza kuwa mwajiriwa wa kampuni hiyohiyo, mradi kuna mkataba na kazi anayoifanya kweli. Chukulia kampuni ya kufyatua tofali inayomlipa mkurugenzi wake shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Mchango wake wa NSSF wa asilimia 10 ni 150,000. Inabaki 1,350,000, ambayo PAYE yake, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, ni 233,000. Mkononi anapata 1,117,000. Kampuni nayo inachangia NSSF kwa upande wake, lakini mshahara wote unahesabiwa kuwa gharama, hivyo unapunguza faida inayotozwa kodi.

Gawio halina nafuu hiyo, kwa sababu hutoka katika faida iliyokwisha kulipiwa kodi. Faida ya shilingi 40,000,000 hutozwa kwanza asilimia 30, yaani 12,000,000. Zile 28,000,000 zilizobaki zikigawiwa zote, hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, na wanahisa huondoka na 25,200,000. Uingereza wakurugenzi wengi wa kampuni ndogo hujilipa mshahara mdogo na gawio kubwa. Anayeiga desturi hiyo Tanzania bila kupiga hesabu hujiumiza. Tena gawio hulipwa kutokana na faida tu. Salio nono benki si ushahidi wa faida: huenda ni malipo ya awali ya mteja ambaye tofali zake bado hazijafyatuliwa.

Mkurugenzi mwenye kiwanja kinachotumiwa na kampuni anaweza kulipwa pango, na aliyeikopesha kampuni anaweza kulipwa riba. Zote mbili hukatwa zuio la asilimia 10.

Kurejeshewa mkopo wenyewe ni jambo jingine, na hapa ndipo wengi hupoteza haki yao. Mwanzoni mkurugenzi hununua mashine ya kufyatulia, saruji na tipa za mchanga kwa fedha yake mwenyewe. Hiyo ikiandikwa kuwa mkopo, kwa mkataba na stakabadhi, kampuni inaweza kumrudishia taratibu bila kodi ya mapato, kwani anarudishiwa mali yake. Isipoandikwa, miaka mitatu baadaye hana cha kumwonyesha ofisa wa TRA.

Hatari kubwa iko kwenye droo ya mauzo. Jioni mkurugenzi anachukua 200,000 za ada ya mtoto, na mhasibu, kwa kukosa risiti, anaandika "matumizi mengineyo". Wakati wa ukaguzi gharama hiyo hukataliwa, faida hupanda na kodi ya asilimia 30 hudaiwa. Kisha kiasi hichohicho kinaweza kuhesabiwa kuwa mshahara au gawio, pamoja na adhabu na riba. Fedha ya namna hiyo iingizwe siku ileile kwenye akaunti ya mkurugenzi ndani ya vitabu, kama deni analodaiwa, kisha ikatwe kwenye mshahara wa mwezi au gawio lililoidhinishwa. Deni likiachwa wazi, kampuni ikafilisika, mfilisi atalidai kwa niaba ya wadai, wakiwamo vibarua na muuza saruji.