Mpeni Kibao

Somo letu ni Injili ya Luka, sura ya kwanza, kuanzia mstari wa 57.

Mtoto amezaliwa nyumbani mwa Zakaria na Elisabeti. Siku ya nane jamaa na majirani wamekusanyika, na jina wamekwisha kulichagua: ataitwa Zakaria, kama baba yake. Mama akikataa, hawamkubalii. Baba naye ni bubu. Ndipo wanapomwashiria, naye anaomba kibao cha kuandikia. Anaandika kwamba mtoto ni Yohana, nao wote wanastaajabu.

Angalieni jambo hili, ndugu zangu. Aliyesimama mbele ya malaika na kupewa jina lile ndiye aliyekuwa hawezi kusema. Kama kibao kisingalipatikana, neno lile lingalibaki limefungwa moyoni mwake.

Lakini mtu asitumie habari hii kusema kwamba kila ulemavu ni adhabu. Wanafunzi wa Yesu waliuliza hivyo juu ya yule kipofu wa Yohana 9, naye Bwana alikataa: hakutenda dhambi yeye wala wazazi wake. Basi kwa nini mtoto afichwe chumbani?

Mwaka 1812, katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa, mtoto wa miaka mitatu aitwaye Louis Braille alijichoma jicho kwa chombo chenye ncha ambacho baba yake alitobolea ngozi. Hatimaye macho yote mawili yakapofuka. Katika shule ya vipofu ya Paris alikuta vitabu vikubwa vya herufi zilizoinuliwa. Vilisomeka polepole sana, na mwanafunzi hakuweza kuandika kwa njia ile. Alipokuwa na miaka 15 alikuwa ameunda maandishi ya nukta nundu: nukta sita tu, zinazosomwa kwa ncha ya kidole. Chombo cha kuyaandikia ni kibao chenye matundu na msumari mfupi, unaofanana na kile kilichomjeruhi. Hata hivyo shule ile haikuyakubali rasmi hata mwaka 1854, miaka miwili baada ya kufa kwake. Wenye macho walikawia kumsikiliza asiyeona.

Hapa kwetu Jeshi la Wokovu lilianzisha kazi ya kuwafundisha wasioona huko Thika mwaka 1946, na watoto wengi wameyasoma maandishi hayo. Siku hizi ziko pia simu zinazosoma maandishi kwa sauti. Mtoto ambaye ulimi wake haumtii aweza kuonyesha picha kwenye ubao: maji, maumivu, mama, nataka kucheza. Katiba yetu ya mwaka 2010, ibara ya 7, yaagiza Serikali iendeleze lugha ya ishara ya Kenya na maandishi ya nukta nundu.

Lakini je, kanisa? Mtoto kama huyo akija kwetu, twamwekea mikono, twamchangia sukari na unga, kisha twamrudisha nyumbani. Sala ni njema, na unga ni mwema. Ila ni nani aliyemwuliza neno lolote? Twawauliza wazazi, "Huyu anakula nini?" naye ameketi papo hapo. Tumekwisha kumpa jina, kama majirani wa Zakaria.

Basi wiki hii, wewe mzee wa kanisa, nanyi wa Muungano wa Akina Mama, itembeleeni nyumba mnayoijua. Mtieni moyo mzazi ampeleke mtoto kwenye kituo cha serikali cha kupima mahitaji ya watoto kielimu. Tukifanya harambee ya mabati, tukumbuke pia kibao cha mtoto huyo. Kisha tukipate na tungoje kwa saburi aandike. Huenda neno atakalotuambia likatustaajabisha.

Tuombe. Ee Bwana, uliyefungua kinywa cha Zakaria, utuondolee haraka ya kuwasemea wenzetu. Utupe mikono ya kuwapa kibao, na masikio ya kusikia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.