Mwamba Uliofungwa ni Amana

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa bara na bahari. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, nanyi mnaotusikiliza majumbani pamoja na watoto wenu, tunakuusieni na tunaziusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tutazungumza juu ya neema ambayo sisi watu wa Unguja na Pemba tumeizoea hata tukasahau kuishukuru, nayo ni bahari.

Katika Suratun Nahl, aya ya 14, Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa Yeye ndiye aliyeitiisha bahari ili tupate humo kitoweo na mapambo, na ameikhitimisha aya hiyo kwa kutaja shukrani. Shukrani si kusema Alhamdulillahi baada ya kula tu. Shukrani ni kuitumia neema kwa namna anayoiridhia aliyeitoa. Na katika Suratur Rum, aya ya 41, tumeonywa kwamba uharibifu wa bara na baharini umetokana na matendo ya mikono ya watu. Basi na tuitazame mikono yetu. Anayekokota juya juu ya matumbawe, anayevua kwa kigumi akauvunja mwamba, na anayetumia nyavu za matundu madogo akatoa vichanga vya tasi na changu, huyo amekula samaki wa leo na wa mwakani kwa mara moja.

Mzingatieni pweza. Umri wake ni mfupi, lakini hukua upesi sana. Jike hutaga mara moja tu katika uhai wake. Huyalinda mayai yake pangoni, halili, mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Anayemtoa pangoni kabla ya wakati huo amewatoa na maelfu ya watoto wake.

Kwa ajili hiyo, mwaka 2004, wavuvi wa Andavadoaka, katika kisiwa cha Madagaska, waliacha kuvua pweza katika sehemu ya mwamba wao kwa muda wa miezi kadhaa. Walipoufungua, walikuta pweza wakubwa zaidi. Huku kwetu nako, vijiji kama Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, vimefuata njia hiyo: sehemu moja hufungwa kwa kiasi cha miezi mitatu, na sehemu nyingine huachwa wazi.

Ndugu Waislamu, mwamba uliofungwa kwa makubaliano ni amana. Anayeingia usiku, siku chache kabla ya kufunguliwa, hawezi kujitetea kwamba bahari ni ya Mwenyezi Mungu. Amevunja ahadi ya kijiji, na amechukua haki ya mama mjane aliyesubiri bamvua ili ashuke kwa miguu na fimbo yake. Na tajiri anayempokea pweza huyo asubuhi, naye anajua ametoka wapi, ni mshirika wake katika dhambi.

Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa upande wao ili wapate maji bila ya kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wataangamia wote. Wakizuiwa, wataokoka wote. Mwamba wetu ndio jahazi letu.

Lakini hatutakuwa waadilifu tukimkataza mwenye njaa kisha tukamwacha na njaa yake. Miezi mitatu ni mirefu kwa asiye na akiba. Mwenye mashua na ampe nafasi jirani yake. Mwenye mali na atoe zaka na sadaka wakati huo. Na ukulima wa mwani, ulioenea pwani ya mashariki ya Unguja tangu mwaka 1989, nao ni msaada mkubwa, hasa kwa mama zetu na dada zetu. Aina yenye bei nzuri hudhurika maji ya kina kifupi yanapopata joto. Huhitaji kupandwa kwenye kina kirefu, na huko hakufikiwi bila ya chombo. Anayewavusha wanawake hao kwa chombo chake anatenda jambo la thawabu. Kufunga mwamba bila ya kusaidiana ni kuwatwisha mafakiri peke yao mzigo wa kijiji kizima.

Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee wenu ni samaki gani waliowahi kuwavua pwani yenu ambao leo hawaonekani tena. Kisha jiulizeni mtawajibu nini watoto wenu watakapokuulizeni swali hilo hilo.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kushukuru neema Zako na kuzitunza amana Zako. Wabariki wavuvi wetu katika riziki ya halali, na uwarejeshe majumbani kwao kwa salama. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.