Kijiti cha Waridi

Leo tunaacha kidogo lengalenga na sombe. Kuna mama mmoja amejiandikisha kurudi nyumbani. Mlangoni pake ana waridi la pinki, lile la zamani linalotoa maua karibu mwaka mzima. Anauliza: kichaka hakibebeki, nifanyeje?

Mama, usiking'oe. Chukua vijiti.

Mawaridi mengi ya dukani yameunganishwa: juu aina moja, mizizi aina nyingine. Mbuzi akilimaliza, kinachochipua chini si ua ulilolipenda. La zamani lililooteshwa kwa kijiti lina mizizi yake lenyewe, hata likikatwa hadi chini hurudi lilelile. Kuna aina iitwayo Old Blush, asili yake China, iliyofika Ulaya karne ya 18. Mpaka leo huoteshwa kwa vijiti, kimoja kutoka kwa kingine.

Chagua tawi lililomaliza kutoa ua, nene kama penseli. Kata kipande cha sentimita 15 hadi 20 kwa kisu kikali kilichosafishwa. Chini kata mshazari, karibu na kifundo. Juu kata bapa. Hapo hutachomeka kichwa chini, maana wengi hukosea hapo. Toa majani, bakiza mawili ya juu. Chomeka nusu yake kwenye kopo lililotobolewa kitako, lenye udongo na mchanga sawasawa. Funika na chupa ya plastiki iliyokatwa, weka kivulini. Mizizi huchukua wiki nne hadi nane. Usivute kila asubuhi kuangalia! Na chomeka vitano au sita, maana vingine vitakufa.

Najua wengine mnasema: maji yenyewe tunapigia foleni, leo tunamwagilia maua? Ni swali la haki. Mboga kwanza. Lakini kopo hili linataka maji kidogo tu, na ya kuoshea mchele yanafaa. Yenye sabuni nyingi au chumvi, hapana. Likishahamia ardhini na kushika, mwagilia sana mara moja kwa wiki, si kunyunyiza kila siku, na utandaze majani makavu bila kugusa shina. Vidukari vipanguse kwa vidole. Majani yenye madoa meusi yachume, uyatupe mbali. Machipukizi ya maua ya kwanza yatoe, ingawa inauma, ili nguvu ishuke kwenye mizizi.

Kuhusu safari: mpakani mimea inaweza kukaguliwa au kuzuiwa, kwa hiyo waulize wahusika wa safari mapema. Tarehe ikija ghafla, funga vijiti vibichi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha jani la mgomba. Hivyo vitakaa siku chache. Ukifika, vichomeke siku hiyohiyo, kabla hujafungua mizigo mingine. Na viwili mwachie jirani yako huku.